Gari Linapofika kwa Mmiliki wa Pili

Mwaka 2002 kampuni ya Toyota ilianza kuuza nchini Japan gari dogo la mizigo lisilo na urembo wowote. Kiti chake cha nyuma kilikuwa chembamba, bampa za plastiki nyeusi ambayo haikupakwa rangi, na uzito ulioruhusiwa kubebwa ulikuwa kilo 400. Walengwa walikuwa mawakala wa mauzo wa Osaka na Nagoya, watu wanaoshinda barabarani na sampuli za bidhaa nyuma ya kiti. Waliolichora hawakuwaza mji wa Maua kule Kenya wala Njombe ya Tanzania. Leo msikilizaji wa Kenya akisikia jina Probox, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye barabara ya Meru, kwenye mafurushi ya miraa na dereva anayekimbizana na saa. Msikilizaji wa Tanzania analijua kwa safari za mikoani, abiria wakiwa wengi kuliko viti, na juu ya mapaja yao kuna kuku, ndoo na mtoto wa jirani.

Wenye Probox wanalipenda kwa sababu wanazoweza kuzitaja bila kusita. Injini ya 1NZ ya lita 1.5 ni ile ile iliyo kwenye IST, Vitz, na Corolla za wakati wake, hivyo spea haitafutwi, inachaguliwa. Bampa likikwaruzwa, hakuna rangi ya kurudisha. Bushi za mbele zikiisha, fundi hahitaji kuuliza zinafunguliwaje. Toyota ilipolibadilisha gari hilo mwaka 2014, ilibakiza sura karibu ile ile, ikaweka mahali pa simu na kishikio kinachotosha paketi ya kinywaji ya lita moja, kisha chini ya sakafu ikabadilisha jambo kubwa: giaboksi ya otomatiki ikawa ya CVT. Hapo ndipo maoni ya wenye magari yalipogawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaostahili mazungumzo ya leo.

Kwenye mabenchi ya Gerezani jijini Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, na katika soko la Kisekka kule Kampala, hukumu inayosikika mara nyingi ni moja: magari ya zamani yalikuwa imara, ya sasa yana mapambo mengi na roho nyepesi. Watu wanaoitoa hukumu hiyo wameilipia kwa fedha zao. Kwa hiyo inastahili kusikilizwa kwa heshima, na kupimwa kwa makini.

Mzee anayetajwa kwanza ni Pijo. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya 1969, na ikashinda mashindano ya Safari Rally 1975 na 1978. Kabla yake 404 ilikuwa imeshinda mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Matairi yalicheza juu na chini kwa nafasi kubwa, kwa hiyo mashimo hayakufika mgongoni kwa abiria. Kabureta ikiziba, dereva aliifungua kando ya barabara, akaipuliza, akaifunga, akaondoka. Station wagon zake ziliunganishwa Mombasa na zikawa teksi za safari ndefu ambazo Wakenya wa makamo bado wanazisimulia.

Lakini kumbukumbu hizo zina upungufu. Pijo linalokumbukwa ni lile lililofika. Yale yaliyonoki injini na kuishia kwenye majani ya uani hayana msimulizi. Magari ya enzi hizo yalifanyiwa ovahoo mapema, yalikula oili, yalichemsha kwenye milima, na abiria wake hawakuwa na mikanda ya nyuma wala mifuko ya hewa. Mtu aliyegongana uso kwa uso ndani ya 504 hakulindwa kama mtu aliyemo ndani ya Vitz ya mwaka 2012. Hilo ni badiliko la muundo ambalo linasahauliwa kila wazee wanaposifiwa, na kulisahau ni kosa zito.

Na kilicholiondoa Pijo barabarani hakikuwa udhaifu wake. Kampuni ilihamia kwenye magari mapya yasiyofanana nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masoko yetu yalifunguliwa, magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japan, na pamoja nayo spea zake. Baada ya miaka michache ilikuwa rahisi kupata injini nzima ya Corolla kuliko kupata bushi moja ya Pijo. Gari lile lile, lenye vyuma vile vile, likageuka kutoka gari la kuaminika kuwa mzigo kwa mwenyewe. Uimara, kwa maana anayoijua mtu wa Singida au Kisii, nusu yake iko dukani na mikononi mwa fundi.

Ili kuelewa kwa nini mmiliki wa Afrika Mashariki hufikiri tofauti na mmiliki wa Tokyo, inafaa kuitazama safari ya gari lenyewe. Japan ina ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Magari ya mizigo kama Probox hukaguliwa baada ya miaka 2 ya kwanza, halafu kila mwaka. Ukaguzi huo na kodi zinazoambatana nao ni ghali, kwa hiyo wengi huona afadhali kuuza gari likiwa bado zima. Linapita mnadani, linapanda meli, linashuka Mombasa au Dar es Salaam. Likifika, dhamana ya kiwanda imekwisha, kitabu chake ni cha Kijapani, na mhandisi aliyelichora ameshamaliza kazi naye.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania inaruhusu, ila inatoza ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza yaliyozidi miaka 15. Sheria hizi zinaonekana kama mambo ya kodi tu, kumbe zinaamua ni muundo upi mtu anaruhusiwa kuupenda. Mtanzania anayeikubali IST ya kwanza, ile iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, aliweza kuendelea kuiagiza kwa miaka mingi, mradi alipe ushuru. Ndiyo maana IST hizo bado zimejaa Dar es Salaam, nyingi zikifanya kazi ya teksi za mtandaoni. Mkenya hakuwa na chaguo hilo: kila Januari mlango unasogea mwaka mmoja mbele, na anayetaka kuagiza gari lazima achukue kizazi kipya, akipende asikipende. Kwa hiyo Wakenya wamekutana na CVT, dizeli zenye chujio la masizi, na haibridi za petroli na umeme mapema zaidi, na malalamiko yao yana uzoefu ndani yake.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni D4. Mwaka 1996 Mitsubishi ilitoa injini ya petroli iitwayo GDI, ambayo mafuta yake hayapitii kwenye njia ya hewa bali hunyunyizwa ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Toyota ikafuata na D-4 yake, ikaifunga kwenye magari ambayo baadaye yangejaa kwetu: Corona Premio, Nadia, RAV4, Noah na Voxy za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lengo lilikuwa kupunguza ulaji wa mafuta. Wenye magari huku walikutana na mambo mengine. Gari linamisi, linatetemeka likisimama kwenye foleni, linakataa kuwaka asubuhi, na fundi akisema pampu ya presha imekufa, bei inayofuata inamfanya mtu akae chini.

Sababu inaeleweka. Petroli inaponyunyizwa nyuma ya vali, huziosha kila mara inapopita. Inaponyunyizwa ndani ya silinda, hakuna kinachoziosha, na masizi hujijenga juu yake mwaka baada ya mwaka. Pampu ya presha nayo hulainishwa na petroli yenyewe, kwa hiyo mafuta yenye uchafu, maji au mafuta ya taa huila haraka. Mafundi hawakuhitaji maabara kuligundua hilo, walilifungua kwa mikono yao. Ushauri ukasambaa mpaka kwa madalali: chukua injini ya kawaida ya VVT-i, kimbia D4. Noah ya D4 na isiyo ya D4, zinazofanana nje kwa kila kitu, zikawa na bei mbili. Kisha, kuanzia mwaka 2005, Toyota yenyewe ilianza kutoa injini za D-4S zenye nozeli mbili kwa kila silinda, moja ndani na moja kwenye njia ya hewa, mpangilio ambao pia husaidia kuzisafisha vali. Maoni ya mafundi wa Kariakoo yalikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kuhusu CVT, lawama lazima igawanywe. Giaboksi hiyo haina gia moja, mbili, tatu. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, na gari linaongeza mwendo bila kushtuka. Corolla Axio na Fielder zilizotoka mwaka 2006 ziliitumia, na Nissan iliifunga kwenye X-Trail, Wingroad, na Note. Nissan iliona matatizo mapema. Kule Marekani ilirefusha dhamana ya giaboksi za CVT za magari ya 2003 hadi 2010, kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000. Mmarekani aliyeharibikiwa alitengenezewa bure. Mtu wa Thika au Morogoro mwenye giaboksi kama hiyo alijilipia mwenyewe.

Ila kuna CVT nyingi zilizouawa hapa hapa. Mkanda ule hushika puli kwa msaada wa oili maalumu. Akija mtu akamimina haidroliki nyekundu ya giaboksi za kawaida kwa sababu ni ya bei nafuu na ndiyo iliyokuwepo dukani, mkanda unateleza, unachubuka, na vumbi la chuma linazunguka ndani mpaka gari linakataa kupanda mlima wa Kitonga. Halafu jina la gari ndilo linaloharibika. Fielder iliyowekewa oili iliyoandikwa na Toyota, ikabadilishwa kwa wakati, hutembea miaka mingi bila kelele. Mwenye gari anayesema CVT haifai anapaswa kwanza kujibu aliweka nini ndani yake.

Dizeli ndogo za kisasa zina tatizo lao. Chujio la masizi linahitaji injini ipate moto wa kutosha kwenye mwendo wa barabara kuu ili liunguze uchafu uliokusanyika. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua nzuri sana kwa mapafu ya watu na kwa machujio. Lakini foleni ya Mombasa Road au ya Mbagala hailipi chujio hilo mwendo linaoutaka. Gari lililobuniwa kwa safari ndefu hununuliwa na mtu wa safari fupi, kwa sababu aliambiwa halili mafuta.

Huko Marekani kampuni ya J.D. Power kila mwaka huwauliza wenye magari ya miaka 3 wamepata matatizo mangapi. Mwaka 2025 wastani ulikuwa matatizo 202 kwa kila magari 100. Lexus, iliyoongoza, ilikuwa na 140. Ukitazama yaliyolalamikiwa zaidi, mengi yanahusu skrini: simu haiungani, mfumo wa sauti haumsikii dereva, programu inaganda. Mtu aliyezimikiwa na Noah saa tano usiku kwenye mteremko wa Sekenke, na watoto ndani, anaposikia kwamba simu kutoungana na redio nayo inahesabiwa kuwa ubovu wa gari, anaweza kudhani wanazungumzia chombo kingine kabisa. Hata hivyo Wamarekani hao wana hoja, na inatuhusu.

Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi nne ndogo za kufanya wakiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa, kama kuwasha joto la kiti na kubadili stesheni ya redio. Kwenye Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, kazi ilikwisha kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Kwenye MG Marvel R, yenye skrini, ilichukua sekunde karibu 45, na gari likawa limekwenda mita 1,372. Zaidi ya kilomita moja macho yakienda na kurudi kwenye kioo! Volkswagen, iliyoondoa vitufe kwenye ID.3, imetangaza kuvirudisha. Na shirika la Euro NCAP limeamua kwamba kuanzia 2026 gari linalotaka nyota zote tano za usalama liwe na vitufe au swichi halisi kwa mambo ya msingi kama indiketa, honi, wipa na taa za tahadhari. Safari hii malalamiko ya wenye magari yalifika mpaka kwenye meza ya wachoraji.

Sisi skrini hizo zinatufikia zikiwa za Kijapani, zikidai ramani ya Nagoya, na nyingine hujifunga kabisa siku betri inapochomolewa. Hata redio ina kisa chake. FM ya Japan ilianzia megahezi 76 na kwa miaka mingi iliishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko kati ya 88 na 108. Wengi wanaosikiliza mazungumzo haya garini wanayasikia kwa msaada wa kifaa kidogo cha kuhamisha masafa kilichofungwa nyuma ya dashibodi na kijana wa redio za magari. Kifaa hicho kinaonyesha jinsi gari lilivyobuniwa kwa ajili ya mtu mwingine, na jinsi ufundi wetu unavyolifanya liwe letu.

Kuna jambo moja ambalo ufundi huo hauwezi kulitatua, nalo ndilo la hatari kuliko yote yaliyotajwa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ilifungwa kwenye mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine. Kemikali ya kuijaza, amoniamu naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, na siku ya ajali inaweza kulipuka kwa nguvu ya kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wameuawa hivyo. Magari yaliitwa viwandani kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, na Takata yenyewe ikafilisika Juni 2017. Joto na unyevu, huo ndio mwambao wetu kuanzia Lamu hadi Mtwara. Barua za kuwaita wenye magari zilitumwa kwenye anwani za Japan. Gari lililokwisha panda meli halikupata barua. Mwenye gari la Kijapani la miaka ya 2000 anaweza kuingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kiwanda na kuona kama linahusika, lakini tovuti ni ya Kijapani na hakuna aliyemwambia. Mamlaka zinazosajili magari zinazo namba zote za chesisi. Zingeweza kuzilinganisha na orodha za viwanda na kuwatumia wenye magari ujumbe wa simu, kama wanavyotumiwa kumbusho la kodi.

Wapo wanaosema kiwanda kikitaka, kinaweza kutengeneza gari la barabara zetu. Ni kweli, na lipo. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilitoka Novemba 1984, na injini yake ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, bila turbo na kwa pampu isiyoongozwa na kompyuta, imekuwepo tangu 1990. Mwaka 2023 Toyota ililipa gari hilo taa za duara kama za mwanzo, na katika masoko mengine injini mpya ya lita 2.8 na gia za otomatiki, huku masoko kadhaa ya Afrika yakiendelea kuuziwa 1HZ. Askari wa hifadhi, hospitali za vijijini, na mashirika ya misaada wanaitegemea. Mwalimu wa sekondari haiwezi. Uimara wa aina hiyo unauzwa kwa bei ya mafungu ya serikali na wahisani, na raia anabaki na minada ya Japan.

Mabishano yanayokuja ni ya haibridi. Bei ya petroli ilipopanda Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, na Nairobi ikafika shilingi 211.64 Septemba 2023, watu walianza kuitazama Toyota Aqua kwa jicho jingine. Hofu kubwa ni betri. Hofu hiyo ina msingi, ila kuna jambo dogo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: betri hupozwa kwa feni, na feni hiyo huvuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Barabara ya vumbi, begi la shule lililoegemezwa hapo, na baada ya muda tundu limeziba, betri inachemka, nguvu inapungua. Kulisafisha ni kazi ya bisibisi na brashi. Kutolisafisha kunaweza kugharimu betri nzima.

Maarifa kama hayo viwanda vinayo. Ulaya, kanuni ya mwaka 2007 inavilazimu viwape mafundi wa kujitegemea taarifa za matengenezo. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walidai haki hiyo mwaka 2012 na tena 2020. Afrika Kusini, tume ya ushindani ilitoa mwongozo ulioanza Julai 2021 unaofungua milango hiyo kwa gereji zisizo za wakala. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye soko la mamilioni ya magari yaliyotumika, inaweza kudai hayo hayo kwa sauti moja, na vyuo vya ufundi stadi vikapewa mashine za kupimia pamoja na leseni zake. Kwa kuanzia, waagizaji wangetakiwa kukabidhi kila gari na karatasi moja ya Kiswahili yenye aina ya oili ya giaboksi, mahali lilipo tundu la feni ya betri, na jibu la swali kama mfuko wa hewa uliwahi kubadilishwa.